Mistari Minne na Mmoja wa Kukata

Chumba cha Tusekile kipo Kurasini, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la vipuri vya malori.
Dirishani: kreni, gati, kipande cha maji
kisichozidi upana wa kanga.
"Chora bandari," akasema. Ana miaka ishirini na sita.
Mimi nimestaafu. Miaka thelathini na moja
nilikuwa karani wa shehena,
penseli sikioni, ubao wa hesabu kifuani.
Bandari naijua. Nikachora bandari.

"Hii ni orodha," akasema.

Kweli. Kila kitu kilikuwepo:
winchi, maghala, kamba, boya,
na meli juu ya maji kama sahani juu ya meza.
Hakuna kilichogusana na mwenzake.

Jumamosi ya pili hatukugusa meli.
Tulichanganya kijivu.
Nilidhani kijivu ni kijivu. Kumbe kipo cha saruji,
kipo cha mvua iliyoahirishwa,
kipo cha maji yaliyokunywa dizeli.
Nilichafua vijivu kumi na kenda
kabla kimoja hakijakubali kuwa bahari.
Harufu ya tapentaini ilifika nyumbani kabla yangu.
"Bibi," akauliza Zamda, "umetengeneza gari la nani?"

Rangi ya mafuta haina haraka.
Meli inayo; kila siku ya gatini inalipiwa.
Nilianza na meli ya kijani. Omo yake ikachukua siku tisa kukauka,
na niliporudi ilikuwa imefunga nyingine, ya buluu, ndefu zaidi.
"Nifute?"
"Malizia na hii."
Basi meli yangu ina omo ya kijani, tezi ya buluu,
na hakuna bendera duniani itakayoipokea.

Lakini maji!
Mkono wangu haukutaka mawimbi.
Kila nilipoushusha ulifanya ulichokizoea:
mstari, mstari, mstari, mstari,
na mmoja wa kukata. Tano.
Mstari, mstari. Kumi. Kumi na tano.
Bahari nzima ikajaa hesabu.
Nikashika kisu niikwangue,
Tusekile akanizuia, akarudi nyuma hadi mlangoni,
akafumba jicho moja.
"Acha hivyo hivyo. Yanakwenda."

Kilichobaki ni meli kukataa kuelea.
Hapo yeye ndiye aliyekwama, nami nikamwita dirishani.
Ile imeshusha mzigo, unaona? Tumbo liko nje.
Hii imeshiba, tarakimu za ubavuni zimemezwa hadi ya nane.
Meli haikai juu ya maji, mwanangu. Inakaa ndani.
Akanyamaza. Kisha: "Tumbo lenyewe ni rangi gani?"
"Damu ya mzee."
Akaminya nyekundu, akatia ugoro kidogo,
akanipa brashi bila kusema neno.

Mwisho niliweka nukta ya rangi ya chungwa,
ndogo kuliko punje ya mtama, chini ya kreni ya pili.
"Nini hiki?"
"Mtu."
"Toka hapa watu hawaonekani."
"Najua."

Jina sikumtajia.
Mandwanga alikuwa kuli wa zamu ya usiku.
Wavu wa magunia ulikatika msimu wa korosho,
mimi nimesimama hatua kumi tu kutoka pale,
na kabla sijapiga kelele nilikuwa nimeshahesabu
magunia yote yaliyoanguka, ishirini na manne,
mistari minne na mmoja wa kukata,
kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyolipwa.
Siku zile makuli hawakupewa vizibao vya rangi,
vya kumfanya mtu aonekane gizani.

Turubai limeegemea ukuta, nyuma ya mlango.
Wageni hulisogelea, huisifu meli ya vipande viwili,
hunyoosha kidole kuuliza ile nukta ni nini.

Usiguse hapo.
Bado ni mbichi.